Uniambie Siku Moja Kabla

Mtaalamu wa upepo wa kilimani kwetu aliuchukia upepo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye uani. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu watu wa Bugene, mji wetu wa karibu, wakisimulia habari zake sasa, humfanya aonekane kama mganga aliyekuwa akiongea na mawingu. Hakuongea na mawingu hata siku moja. Aliziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu, akafunga dirisha tangu saa kumi jioni hata kama ndani kulikuwa na joto la kuivishia ndizi, na bati likigonga usiku, asubuhi alitoka macho mekundu akaniuliza kama mume wangu ana misumari.

Tulimwita Injinia. Jina lake tulilijua, lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni siku za wageni, lakini hakuna aliyelitumia, na sidhani kama alitaka litumike. Alikuja Nyakasimbi na watu wa chuo kikuu kusimika mnara juu ya kilima. Wenzake walipoondoka yeye alibaki, akapanga kwangu chumba cha uani tulichokuwa tunahifadhia kahawa kabla ya kuipeleka chama cha ushirika. Alipokuja, mtoto wangu wa mwisho alikuwa anajifunza kushika penseli; alipoondoka, mtoto huyo alikuwa ananisomea barua za shule. Kwa muda wote huo nguo zake zilinuka kahawa mbichi, na hakulalamika.

Nilimuuliza mapema kabisa kazi yake ilikuwa nini, maana mtu akikaa kwako lazima ujue umempangisha nani.

"Mama Asimwe," aliniambia, "umeme hauwekwi kwenye gunia kama maharage. Ukizalishwa sasa hivi, lazima utumike sasa hivi. Sasa ukitaka upepo ukupe umeme, yule anayeugawa lazima ajue leo kwamba kesho upepo utampa kiasi gani, ili ajiandae na mashine nyingine. Mimi nafanya kazi ya kumwambia habari za kesho."

"Kwa hiyo unatabiri."

"Nakadiria."

Neno kutabiri hakulipenda. Alisema manabii walikuwa na Mungu wa kuwatetea wakikosea, yeye alikuwa na profesa tu.

Juu ya kilima kulikuwa na huo mnara wa vyuma wenye vikombe vinavyozunguka, na kando yake mtambo mdogo wa majaribio wenye mapanga matatu. Umeme wake uliwasha taa za shule ya msingi iliyo karibu, siku ulipotaka. Ndani ya kila panga alikuwa amepitisha faiba, ule uzi wa kioo wanaopitishia intaneti, mwembamba kama unywele. Mwanga unaingizwa upande mmoja, panga likipinda kwa nguvu ya upepo mwanga unabadilika, na yeye kwenye kompyuta anaona panga limepinda kiasi gani. Akilinganisha hayo na habari za vikombe, na za hali ya hewa alizotumiwa kutoka mbali, anapata kesho yake. Kila siku jioni aliituma kesho hiyo chuoni kabla hajala chochote. "Mwanga hausemi uongo," alizoea kusema. "Anayeusoma ndiye anayeweza kukosea."

Kwa vioo vyake alikuwa na usafi wa kuudhi. Ncha za ule uzi alizifuta kwa spiriti na karatasi maalumu, tena akiwa amezuia pumzi. Mlinzi wa mnara aliwahi kuanika maharage ndani ya banda la vifaa, vumbi la maganda likaingia kwenye vyombo. Injinia hakumgombeza. Alikuwa anampita kama anavyopitwa mti, mpaka mlinzi akaja kwangu kuomba nimsemee. Lakini huyo huyo, chumbani kwake, ungekuta sahani ya juzi juu ya kitabu, kikombe ndani ya kiatu, na sufuria iliyokauka uji ikizibia mlango usigongwe na upepo. Nilimwambia kwamba akiolewa mume atakimbia. Akasema mume akikimbia atajua amekimbilia upande gani na kwa kasi gani. Alikuwa na utani wake, ila ulitoka mara chache kama mvua ya Julai.

Jambo lililowasumbua watu zaidi ni kwamba hakuna aliyepata ndiyo wala hapana kutoka kinywani mwake. Ukimuuliza kesho kutakuwaje, hakuangalia juu. Aliangalia miguu yake, akafikiri, akakwambia, "Mara tatu kwa kumi." Maana yake ni kwamba siku kumi zinazofanana na hiyo ya kesho zikija, tatu zitakuwa na upepo na saba hazitakuwa nao. Ukimbana zaidi alikujibu kwa msemo wake aliouzoea: "Sijui. Ila najua sijui kwa kiasi gani." Mume wangu alisema hiyo ndiyo elimu ya juu, mtu anasomea kutojua mpaka anapewa cheti.

Kabla ya sikukuu moja ya mavuno, mzee wa kanisa alimfuata baada ya ibada amuulize kama turubai lifungwe au watu wakae wazi, kwa sababu turubai kubwa likipatwa na upepo kilimani linaondoka na vyuma vyake.

"Mara sita kwa kumi," alisema Injinia.

"Injinia, sisi ni Walutheri. Ndiyo yetu iwe ndiyo, na hapana yetu iwe hapana."

"Basi mzee, weka ndiyo sita na hapana nne."

Mzee wa kanisa hakuwa mtu wa kushindwa. Alifunga turubai upande mmoja tu, upande wa kwaya na wachungaji, sisi wengine tukaketi juani na mikungu yetu ya sadaka. Upepo ulipita mchana kidogo tu, kiasi cha kuinua kofia za akina mama. Kila mmoja akarudi nyumbani anaamini kwamba Injinia alisema alichotaka yeye.

Yote haya yangebaki vichekesho tu kama asingekuwepo bibi jirani yangu.

Kibanja cha bibi, shamba la migomba linaloizunguka nyumba yake, kiko pale kilima kinapoinama kidogo kabla ya kuinuka tena, na kila upepo unaotoka bondeni hupitia hapo kama mtu anavyopitia mlangoni. Mumewe alikuwa amefariki zamani. Wanawe walikuwa Kyerwa na Mwanza, kila mmoja na shida zake. Bibi alikuwa na migomba ile. Ndiyo iliyompa chakula, sabuni na sadaka, na ndiyo iliyomfanya asihamie nyumbani kwa mkwe.

Kwa asiyekaa na migomba nieleze. Mgomba si mti wa kweli, ni majani yaliyoshikana, na ukishabeba mkungu mzito unasimama kwa neema tu. Upepo wa mwanzo wa mvua, ule wa Septemba unaotangulia mvua ya mawe, unaulaza chini na mkungu wake kabla haujakomaa. Dawa yake ni kuuegemeza kwa mti wenye panda na kuufunga kamba. Lakini miti ya kutosha kibanja kizima mtu hana, mingi huazimwa kwa majirani, na ikikaa muda mrefu mchwa wanaila. Kwa hiyo mtu huegemeza anapoona dalili, na bibi macho yake yalikuwa yameanza kutoona dalili.

Alikuja kwangu wiki ile ile Injinia alipohamia. Alileta ndizi mbivu kwenye kikapu, akapokea shikamoo yake, akakaa.

"Wanasema wewe unajua omuyaga wa kesho," alisema, akitumia neno la kwetu la upepo.

"Najaribu, bibi."

"Basi mimi sina neno kubwa. Uniambie siku moja kabla. Siku moja inanitosha, nitaita watu tutaegemeza."

Injinia alitazama miguu yake. "Siwezi, bibi."

"Huwezi au hutaki?"

"Ninaoujua ni upepo wa juu ya mnara. Wa kibanjani kwako siujui."

"Mnara uko pale, kibanja kiko hapa. Waitu, jamani, huo upepo unapitia wapi, mbinguni?"

Bibi akanywa chai yake, akaenda. Lakini kila msimu alirudi na ombi lile lile, kwa maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka Injinia akaanza kuzunguka njia ya shuleni ili asipite mbele ya nyumba yake. Huko ni mbali zaidi, na ni mlima mtupu. Nilimuuliza kwa nini kesho anayowatumia watu wa chuo kila jioni haiwezi kumfikia mama mzee aliye hatua chache kutoka hapo.

"Wale nikikosea wanarekebisha hesabu," alisema. "Bibi nikimwambia kesho, atakata miti mchana kutwa, na umri ule. Usipokuja nimemvunja mgongo bure. Nikikosea mara mbili hataniamini ya tatu, na ya tatu ndiyo itakuja kweli."

"Na ukinyamaza?"

"Nikinyamaza sijamdanganya."

Nilimwona ana akili na nilimwona mwoga, vyote viwili kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijabadilisha mawazo.

Upepo wenyewe ulikuja Septemba moja, mchana, watu wakiwa bado mashambani. Haukukaa muda mrefu. Ulipoisha, kibanja cha bibi kilikuwa kimelala karibu nusu, majani yote yameelekea upande mmoja. Kwangu ilianguka michache, maana sisi tuko nyuma ya kilima. Jioni ile Injinia alikuwa anaosha vyombo vyake uani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Jana ulijua?" nilimuuliza.

"Nilikuwa na nusu."

"Nusu ya nini?"

"Mara tano kwa kumi." Alisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Nusu ya kujua."

Sisi pale kilimani mkungu ulioangushwa na upepo hatuuzi. Wanaokuja kutoa pole hugawiwa, na mwenye kibanja ndiye anayechagua nani achukue upi. Kukataa ni matusi. Asubuhi yake tulikwenda, na safari hii Injinia hakupita njia ya shuleni. Bibi alikuwa anatembea kati ya migomba iliyolala, anagawa kama mtu anayegawa sahani harusini, bila machozi. Alipofika kwa Injinia akamwonyesha mkungu mkubwa kuliko yote, wenye ndizi nyembamba za kijani kikali, zilizohitaji bado zaidi ya mwezi mmoja shambani.

"Huu wako, mwanangu."

Ndizi changa haziivi vizuri. Ukizipika zinakuwa za kijivu, hazilainiki, na ulimi unakauka kama umelamba chaki. Injinia alizila zote. Nilimpelekea maharage achanganyie, akayarudisha na sahani yake. Alizila mchana na jioni, peke yake, mlango umefungwa, mpaka kikonyo cha mkungu kikabaki kitupu nje ya chumba chake. Baadaye nilimuuliza bibi kama alimpa mkungu ule kumsuta. Alinishangaa. "Mgeni hupewa mkubwa," alisema. Mimi nawajua watu wa kilima hiki, na bado siwezi kuapa alikuwa na maana gani.

Migomba iliyobaki bibi aliiegemeza upya, na ndipo likatokea jambo ambalo watu wa chuo walilifurahia sana. Kamba zake za magome makavu hazikutosha. Mlinzi wa mnara, akisafisha banda, alikuwa ametoa nje mzingo wa kamba ya manjano, nyembamba na laini. Bibi akaiomba, mlinzi akampa kwa moyo mweupe. Kwa macho ya mtu wa migomba ilikuwa ni kamba safi kabisa, haiozi, haikatiki. Haikatiki kweli: ndani yake, kuuzunguka uzi wa kioo, kuna nyuzi ngumu za kuulinda, na kisu cha bibi kilichozoea kumenya ndizi kilishindwa. Kwa hiyo hakuikata. Alifunga mgomba wa kwanza, akaivuta hadi wa pili, akafunga fundo, akaivuta hadi wa tatu, namna hiyo mpaka mwisho wa kibanja.

Ilikuwa faiba mpya ya Injinia, iliyotoka ng'ambo, na alikuwa ameingoja msimu mzima.

Mlinzi alipotambua kosa alikuja kwangu analia. Nilifikiri leo huyu mwanamke wa spiriti na karatasi atapasuka. Tulipomwambia alitoka moja kwa moja, tukamfuata kibanjani jua likiwa linazama. Alisimama mbele ya mgomba wa kwanza, akalishika fundo, akaligeuza. Unajua wao uzi ule hawaupindi hata kidogo, sembuse kuufunga fundo la ng'ombe. Akatoa mfukoni kalamu yake yenye mwanga mwekundu, ile anayotafutia mahali uzi ulipokatika, akaiunganisha kwenye ncha ya kamba.

Kibanja kikawaka. Kila fundo lilitoa doa jekundu, kwa sababu mwanga ukipindishwa sana hutoroka, na mafundo ya bibi yalikuwa yamepinda hasa. Madoa yalikwenda mgomba hadi mgomba mpaka karibu na mwisho, ambapo kioo kilikuwa kimevunjika.

"Umeniwashia Krismasi," alisema bibi.

Kakaja kaupepo kadogo kutoka bondeni. Migomba ikainama, mafundo yakakaza, madoa yakawaka zaidi, yakafifia, yakawaka tena, kuanzia upande wa bondeni kuja upande wetu. Injinia alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani makavu, na mlinzi naye akacheka bila kujua sababu, kwa raha ya kutofukuzwa kazi.

"Usiifungue, bibi," alisema. "Tafadhali usiifungue."

Tangu siku hiyo kibanja kikawa chombo. Aliweka kisanduku kwenye ncha ya kamba, na mwanga ulivyopungua na kuongezeka ukamwambia upepo unavyopanda kutoka bondeni kabla haujafika kwenye mnara. Hesabu zake zikanyooka. Wageni wa chuo wakaja na kamera, bibi akavaa gauni la kanisani, akapigwa picha ameshika fundo. Tuliambiwa picha hiyo ilionyeshwa kwenye mkutano mkubwa, nchi ya mbali.

Nilifurahi kama wengine, halafu nikakasirika, nikamwambia Injinia nikiwa bado na hasira. "Kibanja cha bibi kimekupa ulichokuwa unatafuta. Wewe umempa nini?"

"Kile kinaniambia dakika chache kabla, mama. Yeye anataka siku."

"Siku unayo. Unaituma kila jioni."

Aliingia chumbani, akarudisha kanga yake chini ya mlango.

Utafiti ulikwisha, mnara ukafunguliwa vipande vipande ukapakiwa kwenye lori. Alipokwenda kumuaga bibi nilikuwepo. Bibi alimshika mikono yote miwili, akamwombea safari njema, na alipomaliza kuomba akasema, kama anayemkumbusha mtu chumvi dukani, "Uniambie siku moja kabla." Injinia aliitikia amina. Sikujua alikuwa anaitikia kipi.

Tulisikia baadaye kwamba amekuwa mtu mkubwa, anakadiria upepo wa mitambo mikubwa ya mkoa mwingine, na kwamba wanaogawa umeme wanamsubiri kila siku kabla ya kufanya lolote. Salamu zake nilizipata kwenye sikukuu. Kwa bibi hakuwahi kutuma neno la kesho, na bibi hakuuliza. Kila Septemba aliegemeza migomba michache iliyo karibu na nyumba, mingine akaiachia Mungu.

Mwaka jana, siku chache kabla mvua hazijaanza, niliona pikipiki ya kutoka Bugene inapanda kilima kwa fujo. Nyuma amekaa mwanamke aliyevaa viatu vya ofisini, kichwani kitambaa kimefungwa mafundo mawili. Alipita mbele ya nyumba yangu bila kusimama. Nikajua ni yeye kwa yale mafundo mawili, maana ndivyo alivyofunga kitambaa siku zote alizokaa kwangu, nikamfuata kwa miguu mpaka kwa bibi.

Nilimkuta ameshapokelewa. Bibi alikuwa mlangoni anamenya ndizi, macho yake sasa yamefifia kabisa, anamenya kwa vidole. Injinia alikuwa amepiga goti mbele yake, vumbi tupu.

"Nilikuwa Bukoba kwenye mkutano," alisema. "Nimepiga simu ya Mama Asimwe tangu asubuhi, haipatikani." Ni kweli, haikuwa na chaji. "Bibi, ni kesho. Mchana."

Nilingoja mara ngapi kwa kumi. Nilimjua, nikaona anayatazama magoti yake kama alivyotazama miguu siku zote. Lakini hakuongeza kitu.

Bibi akaweka kisu chini. "Kesho?"

"Kesho. Egemeza."

Tuliitana. Mume wangu alikuja na panga, mlinzi wa zamani akaja na wanawe, jirani zetu wenye asili ya Burundi wanaolima upande wa bondeni wakaja na miti yao wenyewe. Injinia alibeba miti begani, akafunga mafundo mabaya ambayo bibi aliyapapasa na kuyafungua na kuyafunga upya. Kisigino kimoja cha kiatu kilibaki kibanjani. Jua lilipozama hapakuwa na mgomba wenye mkungu uliosimama peke yake. Alilala katika chumba chake cha zamani, na asubuhi nilikuta dirisha liko wazi.

Upepo haukuja.

Sijawahi kuona siku iliyotulia vile Septemba. Moshi wa jikoni ulipanda umenyooka. Majani ya migomba, ambayo hucheza hata mtu akipita, yalining'inia. Injinia alikaa mlangoni kwa bibi tangu saa sita, simu mkononi, anaangalia bondeni. Baadaye simu akaiweka chini ya paja. Majirani walipita kwenda zao, wakasalimu kwa adabu, na hakuna aliyetaja upepo, jambo lililokuwa baya zaidi. Nilimhurumia. Nilikuwa nimemdai neno lile kwa miaka, na sasa alikuwa amelisema mbele ya kilima kizima, nikamwona jinsi linavyomkaa.

Jioni aliinuka. "Bibi, nimewasumbua watu bure. Nisamehe."

"Bure?" Bibi alisimama, akashika ukuta, kisha bega langu. "Nguzo zimesimama. Sasa upepo uje siku unayotaka."

Akamwita mume wangu na panga lake, tukaenda naye polepole mpaka katikati ya kibanja. Alipapasa mkungu mmoja, akabonyeza ndizi zake moja moja kwa kidole gumba, akaacha. Akapapasa wa pili. Wa tatu ulikuwa umejaa, ndizi zimenenepa mpaka pembe zake zimepotea. Mume wangu akakata, nikapokea mimi, tukautua miguuni kwa Injinia, utomvu ukiwa bado unatiririka.

Injinia hakuugusa. "Lakini haukuja, bibi."

"Nimesikia haukuja, mimi si kiziwi." Bibi alimtafuta mkono, akauweka juu ya ndizi. "Huu hatukuangushiwa, mwanangu. Huu tumeukata wenyewe."